Kalamu Ikigoma, Jitegee Kitendawili

Ukishuka kwenye matatu ya Malindi pale Kikambala ukashika njia ya kwenda baharini, utakuta karibu kila kitu ambacho watu hudai huleta ilhamu: upepo, minazi, mchanga mweupe, vivuli vya makuti, na mwamba unaoyavunja mawimbi mbali kabla hayajafika ufuoni. Hata hivyo mwandishi aliyekwama anaweza kuketi hapo na daftari lake tangu asubuhi hadi alasiri, akaondoka na ukurasa mtupu. Mandhari haikumnyima kitu. Imempa vingi mno, na bahari nzima haina pa kuianzia. Aanze na mvuvi au na mgeni wa hotelini? Aandike ya leo au ya enzi za majahazi? Asimulie yeye au amwachie mhusika? Kila sentensi inayomjia ina wenzake kumi nyuma yake, na kabla hajaiandika ameshaihukumu kuwa si nzuri kama ile ambayo bado hajaifikiria. Anayeitazama kwa mbali hali hiyo atasema mtu huyu hana la kusema. Ukweli ni kwamba analo la kusema, tena tele, ila hakuna kinachomlazimisha achague.

Mwongozo huu unahusu njia moja ya kujitoa hapo, nayo ni vichocheo: sentensi ya kuanzia, swali, kitu, sura ya mtu, au sharti unalojiwekea ili kalamu ipate pa kushika. Vitabu na programu za simu zimejaa vichocheo, na vingi havifai kitu. "Eleza kumbukumbu ya utotoni." "Andika kuhusu machweo." Ukimpa aliyekwama kichocheo cha aina hiyo umemrudisha palepale ufuoni, maana utoto ni mpana kama bahari. Hoja nitakayoitetea ni kwamba kichocheo hufaa kwa kadiri kinavyokubana na kwa kadiri kinavyokupa mtu wa kumjibu. Mengine yote, ikiwa ni pamoja na uzuri wa mada yenyewe, ni nyongeza. Watunzi wa pwani hii waliyatumia mambo hayo mawili karne nyingi kabla ya maabara za saikolojia kuyapima, na tutafaidika zaidi tukijifunza kwao kuliko kupakua orodha nyingine ya vichocheo mia.

Kwanza tuulize kwa nini watu hukwama. Mwaka 1980 Mike Rose, mwalimu wa uandishi katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichapisha uchunguzi wa wanafunzi 10, watano wanaokwama na watano wanaoandika bila shida kubwa. Kilichowatenganisha hakikuwa uwezo wa lugha wala akili. Waliokwama walibeba vichwani kanuni ngumu zisizopinda, mathalani kwamba aya ya kwanza sharti imnase msomaji papo hapo, basi wakawa wanaiandika na kuifuta aya hiyo moja huku muda ukiyoyoma. Wenzao nao walikuwa na kanuni, lakini wakiona hii haiwasaidii waliiweka kando na kushika nyingine.

Hapo msomaji makini atanishika shati. Ikiwa kanuni ndizo zilizowakwamisha wanafunzi wa Rose, nitawezaje kudai kwamba aliyekwama anahitaji masharti zaidi? Swali hilo ndilo kiini cha jambo hili, na jibu lake liko katika kuangalia sharti linadai nini. "Aya ya kwanza iwe ya kuvutia" ni sharti la ubora, na ubora hauna kipimo unachoweza kukitumia peke yako saa tano ya usiku. Utaandika, utasita, utafuta, kwa kuwa hakuna alama itakayokuambia umefika. "Neno hofu lisitokee kabisa" ni sharti la umbo. Hilo unalipima kwa macho: ama neno limo, ama halimo. Sharti la kwanza humwita hakimu aketi nawe mezani tangu mwanzo. La pili humpa hakimu huyo kazi ndogo ya kuhesabu, na akiwa anahesabu, wewe unaandika. Ndiyo maana mtu anayeshindwa kutunga "shairi zuri" huweza kutunga ubeti wenye mizani kumi na sita kila mshororo, nane kwa nane. Mizani unaihesabu kwa vidole. Uzuri utauhesabuje?

Majaribio ya kisasa yanaelekea upande huohuo. Catrinel Haught-Tromp wa Chuo Kikuu cha Rider, Marekani, aliwapa watu kazi ya kutunga salamu fupi zenye vina kwa ajili ya hafla mbalimbali. Kuna salamu walizozitunga wakiwa huru, na kuna nyingine walizolazimishwa kuingiza nomino waliyopangiwa. Zile za kulazimishwa ndizo zilizoonekana kuwa na ubunifu zaidi, na walioanza kwa kubanwa waliendelea kufanya vizuri hata walipofunguliwa. Utafiti huo ulipewa jina la kitabu cha watoto cha Dr. Seuss cha mwaka 1960, ambacho mwandishi alikitunga kwa maneno 50 tu tofauti baada ya kuwekeana dau na mchapishaji wake. Mfaransa Georges Perec alikwenda mbali zaidi: mwaka 1969 alitoa riwaya nzima isiyo na herufi e, herufi itumiwayo kuliko zote katika Kifaransa. Sikushauri ujaribu riwaya ya Kiswahili isiyo na herufi a, isipokuwa kama una uadui na viambishi.

Lakini hatuna haja ya kwenda Paris. Tazama kinachompata mtunzi wa shairi la arudhi. Mshororo wa kwanza ukishaishia kwa -ma kati na -ni mwisho, mlango umefungwa kwa maelfu ya maneno ambayo dakika moja nyuma yalikuwa halali. Anabaki na machache, na katika kuyapekua anakutana na neno ambalo asingeliwaza kamwe, neno linalomgeuzia hoja yote. Watu husema kina kimemlazimisha mtunzi aseme asichokusudia, na mara nyingine ni kweli na ubeti huharibika. Ila mara nyingi kina ndicho kilichomwonyesha alichokuwa nacho moyoni. Kibwagizo nacho ni kichocheo cha aina yake: ukishajua kwamba kila ubeti lazima utue kwenye mshororo uleule, kazi yako imekuwa kutafuta njia tofauti za kufika mahali unapopajua. Halafu kuna takhmisi, ambapo mtunzi huchukua maneno ya mwenzake na kuyaongezea mishororo yake hadi ubeti ukawa wa mishororo mitano, kama ilivyofanywa katika takhmisi ya Liyongo inayonasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Hebu fikiria: mtu aliyekwama anakabidhiwa mwisho wa ubeti uliokwisha kukamilika, na kuambiwa ajenge kilichotangulia. Sijui kichocheo bora kuliko hicho, na kinapatikana bure kwenye diwani yoyote uliyo nayo rafuni.

Hilo ndilo la kubanwa. La pili, la mtu wa kumjibu, halizungumzwi sana katika vitabu vya uandishi, nami naamini lina uzito zaidi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840, alitunga mengi ya mapenzi, ya biashara na ya shida za kila siku, lakini yanayosimuliwa zaidi ni yale ya ugomvi wa Mombasa na Lamu kuelekea vita vya Shela vya miaka ya 1810. Mashairi yalivuka bahari yakijibiwa na mashairi, na upande wa Lamu alikuwako Bwana Zahidi Mngumi, aliyejua siasa na umalenga kwa pamoja. Katika majibizano mtunzi hakai akitafuta mada. Mada imemjia na imemuudhi. Anajua nani atasikia, anajua neno lipi la mpinzani litamrudia mwenyewe, na anajua kuwa akinyamaza kimya chake kitahesabiwa kuwa kushindwa. Tungo za Muyaka zilibaki vinywani mwa watu wa Mombasa hadi mwishoni mwa karne ya 19, pale Mwalimu Sikujua bin Abdallah na mmisionari W. E. Taylor walipozikusanya kwa maandishi. Kwa tungo ambazo hazikutungwa ili zidumu, si haba. Desturi hiyo ilihamia magazetini: Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha maswali ya kishairi na majibu yake, na kurasa za mashairi za magazeti ya Kiswahili zimeendelea nayo. Kitendawili ni mfano mdogo kuliko yote. Anayetega na anayejibu wanahitajiana, na hata anayeshindwa hatakiwi kunyamaza bali kutoa mji.

Basi ukitaka kujitengenezea kichocheo, anza na kitu kimoja kilicho karibu, kisha kitie sharti la umbo, kisha weka mtu anayengoja jibu. Tuchukue mfano wa hapahapa. Kikambala na vijiji vinavyoizunguka ni nchi ya minazi, na mgema hupanda asubuhi na jioni kwa vidato vilivyotemwa shinani, kotama kiunoni, kibuyu kikining'inia. "Andika kuhusu mgema" ni kichocheo kibovu, kwa sababu utaandika aya ya jiografia. Kibane hivi: mgema akiwa juu ya mnazi ametupia jicho ndani ya ua wa jirani, akaona jambo lisilopasa kuonwa. Mwandike akiteremka. Jambo lenyewe lisitajwe. Maneno siri, hofu na kuona yasitumike. Chini pawe na mtu anayemsubiri na ana swali. Dakika 20, bila kufuta. Matokeo yanaweza kuwa kitu kama hiki:

Mguu ulikipapasa kidato ukakikosa. Akatulia, kifua kimegusa shina, kotama ikimning'inia kiunoni. Chini, mtoto wa mwenye shamba alikuwa akimngoja na jagi, akauliza mbona leo amekawia. "Karara moja limekauka," akajibu, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. Kibuyu kilikuwa kimejaa hadi shingoni. Alipofika chini alikiweka mchangani, akampa mtoto mgongo, akaanza kunoa kotama ambayo haikuwa butu.

Si fasihi ya kutunukiwa tuzo, lakini angalia masharti yalivyofanya kazi. Kwa kuwa neno hofu limekatazwa, hofu ikahamia mguuni na kwenye kotama inayonolewa bila sababu. Kwa kuwa kuna mtoto anayeuliza, ikabidi pawe na jibu, na jibu likawa uongo, na uongo huo ukaumbuliwa na kibuyu kilichojaa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kwenye kichocheo. Na sasa mwandishi ana maswali yake mwenyewe: mtoto ameutambua uongo? Ni jirani yupi? Hapo kichocheo kimemaliza kazi yake, na wewe unaweza kukisahau.

Mnazi huohuo una kisa kizito zaidi kwa anayetaka kuchimba. Katika ukanda huu mnazi umeweza kuwa mali ya mtu mmoja na ardhi unaposimama mali ya mwingine. Mwanaanthropolojia David Parkin alichapisha mwaka 1972 kitabu kuhusu Wagiriama, akieleza jinsi minazi ilivyouzwa na kuwekwa rehani, na jinsi wazee waliohudhuria mauzo walivyotegemewa kuwa ushahidi pale mambo yalipogombewa baadaye. Hati ilikuwa ni kumbukumbu ya mtu. Mwaka uliofuata, 1973, ilitoka Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, mashairi aliyoyatunga akiwa mfungwa wa kisiasa kati ya 1969 na 1972, na ndani yake mna shairi la ndugu wawili, Alii na Badi, wanaovutana kuhusu mnazi. Diwani hiyo ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974, na wasomaji wameliona katika shairi hilo suala la nchi nzima na nani anastahili matunda yake. Mfungwa hakuwa na uhuru wa kusema lolote juu ya lolote. Alikuwa na mti mmoja, sauti mbili zinazojibizana na umbo la arudhi, na vikatosha kuibeba Kenya.

Kutokana na hayo unaweza kujitegea hivi. Mashahidi walikuwa watatu. Wawili wamefariki, amebaki mzee mmoja. Wajukuu wa muuzaji na wa mnunuzi wamekaa mbele yake, na kila upande umemletea zawadi. Andika anachosema, yeye peke yake, bila kutuambia ameulizwa nini. Sentensi zake ziwe 12. Kila sentensi itaje kitu ambacho siku ile alikishika kwa mkono wake: bakuli, fimbo, gome la mnazi, mkono wa mtu. Sharti hilo la mwisho linaonekana kama mchezo, lakini ndilo litakalokuzuia kumfanya mzee atoe hotuba kuhusu mila, ambayo ndiyo kasoro ya wahusika wengi wazee katika hadithi zetu fupi. Mzee anayekumbuka bakuli anasadikika. Na ukitaka kuongeza ugumu, mfanye asikumbuke vizuri, na aogope kulikiri hilo mbele ya wajukuu wa marafiki zake.

Kuna mahali pengine, kusini kidogo mwa Kikambala upande wa Mtwapa, panapofaa mazoezi ya namna tofauti. Magofu ya Jumba la Mtwana ni ya mji wa karne ya 14 ulioachwa karne iliyofuata, na James Kirkman aliyachimbua mwaka 1972. Hakuna maandishi ya kale yanayousimulia mji huo. Sababu za watu kuhama zinakisiwa tu: maji kupungua, biashara kuvurugika, au kuvamiwa. Mojawapo ya majengo yake huitwa Nyumba ya Milango Mingi, na inadhaniwa ilikuwa ya kupokea wageni. Mwandishi wa riwaya ya kihistoria hukwama mahali kama hapa kwa sababu anadhani hawezi kuanza mpaka ajue yote. Mpe orodha badala ya hadithi: vitu 15 alivyobeba mtu wa mwisho kutoka katika nyumba ile, na vitu vitano alivyoviacha, bila kitenzi hata kimoja cha hisia. Aandike orodha hiyo mara tatu, kila mara kwa sababu moja kati ya zile tatu, bila kuitaja. Aliyekimbia maji yaliyokauka hufunga mizigo polepole na huacha ndoo. Aliyevamiwa huacha chakula motoni. Orodha ni umbo duni, na uduni wake ndio faida, kwa kuwa hakuna anayeogopa kuandika orodha mbaya. Ukimaliza zile tatu utagundua mojawapo imekuwa ndefu kuliko ulivyoamriwa. Hiyo ndiyo hadithi yako.

Pingamizi la kwanza, nalo ni la haki, hutoka kwa walimu. Kila mtahiniwa wa Kenya ameonja vichocheo: Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili katika KCSE humwambia athibitishe ukweli wa methali, au atunge kisa kitakachoanza au kumalizika kwa maneno aliyopewa. Na zao lake, kama anavyojua yeyote aliyewahi kusahihisha, ni msururu wa asubuhi zilezile ambapo jua linachungulia mashariki, majogoo wanawika, na mhusika anarauka kujitayarisha kwa safari ambayo lazima iishie kwenye ajali. Ikiwa vichocheo vinazaa hayo, vina faida gani? Nakubali matokeo, ila nakataa utambuzi wa chanzo. Kichocheo cha mtihani kinabana mahali pasipofaa. Kinabana mwanzo au mwisho na kukiacha wazi kiwiliwili, kwa hiyo kisa kilichokaririwa nyumbani hupindwa kidogo kikaingia. Isitoshe, anayejibiwa ni msahihishaji, na mtahiniwa anajua au anadhani anajua kwamba msahihishaji anahesabu tamathali. Mwalimu anayetaka kuvunja mtindo huo aweke ndani ya swali kitu ambacho kisa cha kukariri hakina: mtego wa kaa, risiti ya kivuko, timbo la mawe lililojaa maji ya mvua. Kisha aamuru kitu hicho kibadilishe mikono mara mbili. Majogoo watanyamaza wenyewe.

Pingamizi la pili ni la wale wanaoamini kwamba uandishi wa kweli husubiriwa, na anayejilazimisha hutoa maneno makavu. Imani hii ina heshima yake na siidharau. Lakini imewahi kupimwa. Mwaka 1983 mwanasaikolojia Robert Boice alichapisha jaribio la wahadhiri 27 waliokuwa na shida ya kuandika. Kundi moja liliambiwa lisiandike ila kwa dharura, la pili liandike likipata moyo, na la tatu liandike kila siku kwa kulazimishwa: asiyetimiza, pesa zake zilitumwa kwa taasisi anayoichukia. Kundi la tatu liliandika kurasa nyingi zaidi, jambo lisiloshangaza. Linaloshangaza ni kwamba ndilo lililorekodi pia mawazo mapya mara nyingi zaidi, kuliko hata waliosubiri kupata moyo. Mtu anaweza kusema wahadhiri si washairi, na ni kweli, kwa hiyo nisilivute jaribio hilo kupita urefu wake. Walakini linatosha kumwondolea anayesubiri ile fahari ya kudhani kwamba kusubiri ni sehemu ya kipaji.

Wa tatu ni mwandishi aliye katikati ya riwaya, sura ya tisa, anayeuliza mgema na Jumba la Mtwana vinamhusu nini. Havimhusu. Kichocheo chake kitoke ndani ya kazi yake mwenyewe. Amchukue mhusika mdogo aliyepita sura ya pili akiwa na mstari mmoja tu, mpika chai au kondakta, amruhusu ailalamikie sura ya nane kwa ukurasa mmoja: nini hakuamini, nani alimdharau, kitu gani aliona ambacho mwandishi hakukiona. Mara nyingi kukwama katika kazi ndefu ni dalili kwamba kuna jambo limeandikwa vibaya nyuma, na mhusika huyo ataligusa. Kama hakuligusa, umepoteza ukurasa mmoja.

Kuhusu programu za simu zinazotema vichocheo kwa kubonyeza, sina ugomvi nazo isipokuwa mmoja. Ukipewa kimoja usichokipenda unabonyeza kupata kingine, na kingine tena, na umerudi kwenye wingi uleule uliokukwamisha. Ukizitumia, jiwekee ahadi ya kuandika cha kwanza kitakachotoka, hasa ukikichukia. Chuki ni mwanzo mzuri wa majibizano.

Limebaki jambo moja ambalo vichocheo havipaswi kuligusa ovyo. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Paradise hapa Kikambala ilishambuliwa kwa bomu. Wakenya 10 na Waisraeli watatu waliuawa, na miongoni mwa Wakenya walikuwamo wacheza ngoma waliokuja kuwakaribisha wageni. Kuna watu wa maeneo haya ambao wakikaa kuandika, kinachowafunga kalamu ni msiba, wala si wingi wa chaguo. Kumtegea mtu kama huyo mchezo wa maneno yaliyokatazwa ni utovu wa adabu, na ukiwa mwalimu wa warsha yakupasa kuujua mpaka huo kabla hujagawa karatasi. Ukimya mwingine una haki ya kuwa ukimya. Akitaka mwenyewe kuukaribia, mwache achague umbali: pengine ataanza na ngoma zenyewe, zilivyowambwa, nani alizibeba, zilipakiwa katika gari gani. Au ataandika kuhusu jambo jingine kabisa kwa miaka kumi. Usimharakishe.

Kwa wengine wote, kazi ya leo ni ndogo. Chagua kitu kilicho ndani ya mikono miwili kutoka ulipokaa. Kataza maneno matatu ambayo kitu hicho kinayaita upesi. Andika jina la mtu mmoja unayemfahamu ambaye hatakubaliana na utakachosema, liweke juu ya ukurasa, na uandike kwake kwa dakika 20 bila kurudi nyuma. Ukimaliza, futa aya ya kwanza, kwa sababu karibu kila mara aya hiyo ni kukohoa kabla ya kusema. Soma iliyobaki kwa sauti. Lifute jina la mtu yule pia, isipokuwa kama unakusudia kumpelekea.